Kitabu kilichokutwa begini Lingeka

Barua nyingi zinazofika kwenye meza ya safu hii huuliza mambo mawili: kitabu fulani chapatikana wapi, na bei yake ni kiasi gani. Barua iliyotoka Lingeka, huko Bariadi, majuma matatu yaliyopita, haikuuliza lolote kati ya hayo. Imeandikwa kwa wino wa buluu, kurasa nne za daftari la mistari, kwa mwandiko uliosimama wima wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Mwenye barua ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameomba jina lake lisichapwe, wala jina la shule yake, na ombi hilo nalitimiza bila kusita.

Yaliyomo ni haya. Mwalimu ni kifungua mimba katika mji wa marehemu baba yao. Nyuma yake wapo dada wawili ambao wameolewa, na kitinda mimba wa kiume anayesoma chuo jijini Mwanza, ambaye karo yake hutoka katika pamba ya familia na mshahara wa mwalimu. Mwezi Desemba kijana alikuja nyumbani kusaidia kupanda. Alipoondoka aliacha begi dogo juu ya kabati. Januari paa likavuja, begi likateremshwa lisilowe, na ndani yake, chini ya shati na madaftari, mlikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye jalada lililochakaa. Kitabu hicho ni Maurice, riwaya ya Mwingereza E. M. Forster. Mwalimu alikifungua akidhani ni cha masomo. Hakufika mbali kabla ya kutambua kwamba ni hadithi ya mapenzi, na kwamba wanaopendana humo ni wanaume wawili.

Mtu mwingine angekitia katika moto wa jikoni jioni ile ile. Mwalimu alichukua kamusi ya TUKI, akakaa nacho kila usiku baada ya watoto kulala, kwa muda wa miezi miwili, akiandika maana za maneno magumu kwa penseli pembezoni mwa kurasa. Amekisoma hadi mwisho. Hajamwambia mama yao wala mkewe. Ananiuliza mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kusoma vitabu na kuvitolea maoni, kama hiki ni kitabu kichafu, na kama kumkuta mtu na kitabu cha namna hii ni ushahidi. Tena auliza akifanye nini.

Nakiri kwamba barua hii niliiweka kando kwa majuma mawili. Ukurasa huu husomwa na familia nzima baada ya chakula cha mchana cha Jumapili, na mzee mmoja wa hapa ofisini, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alinishauri nimjibu mwalimu kwa barua ya faragha nisije nikazua balaa gazetini. Shauri lake lilikuwa la busara. Lakini nilijiuliza ni mabegi mangapi mengine yamekaa juu ya makabati ya nchi hii, na ni akina kaka wangapi ambao hawataandika barua kwa mtu yeyote.

Tuanze na kitabu chenyewe, kwani mwalimu ameuliza swali la kitabu na anastahili jibu la kitabu.

Forster alizaliwa mwaka 1879 akafa mwaka 1970. Wasomaji waliopita vyuoni humjua zaidi kwa riwaya ya A Passage to India ya mwaka 1924, inayowasuta Waingereza kwa jeuri yao nchini India. Maurice aliiandika kabla ya hiyo, mwaka 1913 na 1914, lakini hakuichapisha. Aliwapa rafiki zake mswada wausome, akaurekebisha mara kwa mara, akaufungia tena. Zaidi ya nusu karne mswada ulikaa sandukuni. Sababu yajulikana. Mwaka 1895 mwandishi Oscar Wilde alihukumiwa jijini London kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu kwa ajili ya mambo ya namna hiyo, na sheria iliyomfunga haikulegezwa hadi mwaka 1967. Forster hakutaka riwaya hii itoke angali hai. Ikatoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Maurice Hall, ambaye jina lake limekuwa jina la kitabu, si mtu wa ajabu, na hapo ndipo penye akili ya riwaya hii. Ni kijana wa viunga vya London, mwana wa mama mjane, mwenye dada wawili, anayetazamiwa kushika nafasi ya baba yake katika biashara ya hisa. Hapendi sana kusoma. Hana kipaji cha kutajwa. Akiwa Cambridge akutana na Clive Durham, mwana wa nasaba na msomi wa Kigiriki, ambaye ndiye anayetangulia kutamka kwamba ampenda. Maurice ashtuka, amkemea, kisha apitiwa na siku za mateso mpaka akubali kwamba alichokikemea kwa mwenzake kimo ndani yake pia. Mapenzi yao yadumu miaka kadhaa, nayo ni ya maneno kuliko ya mwili. Halafu Clive arudi kutoka safari ya Ugiriki akisema moyo wake umegeuka. Aoa mke, aingia katika siasa, na aendelea kumwalika Maurice nyumbani kwake kama rafiki wa familia.

Kurasa nilizozirudia mara nyingi ni zile ambamo Maurice atafuta dawa. Amwendea kwanza daktari mzee, jirani aliyemfahamu tangu utoto, naye akataa hata kusikiliza. Asema ni upuuzi na jambo hilo lisitajwe tena. Halafu amwendea tabibu wa kulaza watu usingizi kwa maneno ili awaponye wakiwa wamelala. Huyu ana adabu kuliko yule wa kwanza. Ajaribu, ashindwa, na mwishowe amshauri ahamie Ufaransa au Italia, ambako sheria haiwaadhibu tena watu kama yeye. Aliyesoma barua za wasomaji wa ukurasa huu kwa miaka kadhaa atazitambua kurasa hizo bila kusoma Kiingereza. Mtu ana jambo ambalo hana jina lake. Aenda zahanati, aenda kwa mganga, aenda kwa kiongozi wa dini, na kote apewa jibu kabla hajamaliza swali.

Mtu wa tatu ni Alec Scudder, kijana wa kazi katika shamba la kina Clive, msaidizi wa mtunza wanyama wa kuwindwa. Usiku mmoja apanda ngazi na kuingia kwa dirisha katika chumba alicholala Maurice. Hapo msomaji wa familia asiwe na hofu, kwani mwandishi afunga mlango na dirisha. Mwenye kutafuta uchafu katika kitabu hiki atachoka upesi na kudai fedha zake. Nimeona yaliyo wazi zaidi katika vitabu vidogo vya mapenzi vinavyouzwa stendi za mabasi, ambavyo hakuna anayevificha.

Wapenzi hawa wawili hawaaminiani. Mmoja ni bwana, mwingine ni mtumishi; mmoja aogopa kufedheheshwa, mwingine aogopa kutumiwa na kutupwa. Alec atishia kumtoza fedha Maurice. Wakutana katika jumba la makumbusho la London kama watu wanaokwenda kupigana, na katikati ya sanamu za kale hasira yao yaisha bila wao kujua. Alec alikuwa amekata tikiti ya meli kwenda Argentina na ndugu yake. Siku ya kuondoka, Maurice aenda bandarini kumwona mara ya mwisho, na Alec hayumo melini. Amebaki.

Kama mhakiki nina malalamiko yangu. Wanawake wa kitabu hiki, yaani mama, dada wawili na mke wa Clive, wamewekwa kama viti vya sebuleni. Maurice awatendea ukali ambao mwandishi auona lakini hauhuzunikii vya kutosha. Alec naye achelewa mno kuingia. Tumekaa na Clive zaidi ya nusu ya kitabu, halafu twatakiwa kuamini penzi la siku chache kwamba litadumu maisha. Mimi sikuliamini mara ya kwanza. Mara ya pili nililiamini kidogo zaidi, pengine kwa sababu nilikuwa na barua ya Lingeka mezani.

Lakini liko jambo moja ambalo Forster hakukubali kulibadilisha, nalo ndilo lililoifungia riwaya sandukuni. Ni mwisho wake. Maurice na Alec hawafi, hawafungwi, wala hawatubu. Waondoka pamoja. Katika maelezo aliyoyaongeza mwaka 1960, Forster alisema kwamba mwisho wa heri ulikuwa wa lazima kwake, na kwamba kama angemaliza kwa kitanzi au kwa wapenzi kujiua, kitabu kingekuwa rahisi kuchapishwa. Maneno hayo yafaa yasomwe mara mbili. Dola iliyomfunga Wilde ingevumilia hadithi ya watu hawa, mradi hadithi iwaue.

Mwaka huo huo wa 1971 ilitoka riwaya nyingine, hii ya nyumbani kwetu na kwa lugha yetu, ambayo mwalimu bila shaka ameisoma: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Nayo ilionekana chafu. Kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia katika shule hizo hizo. Leo walimu hueleza maudhui yake ubaoni bila kumeza mate. Sababu za kuogopwa kwake zilikuwa zile zile: kwamba kitabu kikisema jambo fulani lipo, kijana aliyekuwa hajalijua atalijua.

Nakumbusha mwanzo wa Rosa Mistika kwa makusudi. Zakaria, baba mlevi, amkuta binti yake Rosa na barua ya mvulana aitwaye Charles. Ampiga kipigo kikubwa. Barua ya mapenzi ya mtoto wa shule, ambayo yamkini ingekwisha yenyewe kama umande, yageuka kuwa jeraha. Kwa muda Rosa awaogopa wanaume wote. Kisha, afikapo chuoni mbali na fimbo ya baba, ajitupa kwao wote. Na mwisho, Charles yule yule akubalipo kumwoa kisha akagundua kwamba si bikira, amkataa, na Rosa ajiua. Kezilahabi hakuandika hadithi ya msichana mbaya. Aliandika hadithi ya mzee aliyekuta maandishi ya mapenzi katika vitu vya mtoto wake na hakujua la kufanya.

Mwalimu, wewe umekuta maandishi, na ukachukua kamusi. Hapo umemshinda Zakaria kwa mbali. Lakini riwaya yako haijafika mwisho.

Kabla ya kuendelea nijibu swali la ushahidi. Kumkuta mtu na riwaya si ushahidi wa lolote ila kwamba ajua kusoma. Mimi nimesoma vitabu vyote vya Elvis Musiba nilivyoweza kuvipata, nimemfuata Willy Gamba katika kila hatari, na mpaka leo sijawahi kumpiga mtu hata kofi. Yawezekana kijana aliazimwa. Yawezekana ni somo la fasihi chuoni. Yawezekana alikiona kwa muuza vitabu vya mitumba akapenda jalada. Hayo yote nayaandika kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mwalimu angependa kuyasikia.

Hata hivyo mwalimu si mtoto. Katika ukurasa wa tatu wa barua, kwa mwandiko uliobana kuliko mahali pengine pote, aeleza kwamba mdogo wake ana umri wa miaka 24, hajawahi kutaja msichana, na kwamba katika ngoma za baada ya mavuno hukaa na wazee akila michembe wakati wenzake wakijipanga kuchagua wachumba. Kisha aongeza kwamba tangu utoto alijua kuwa kijana huyu ana jambo, ila hakulipa jina. Barua haikuandikwa kwa sababu ya kitabu. Kitabu kilimpa jina la jambo alilokwisha kulijua.

Kuhusu majina, lugha yetu yenyewe imepita safari. Neno shoga, huko pwani, lilikuwa na bado ni neno la mapenzi kati ya mwanamke na rafiki yake. Mama wa Tanga amwita mwenzake shoga akimkaribisha barazani. Katika vinywa vya wanaume limekuwa tusi. Mwanafilamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alichagua neno jingine. Filamu yake ya mwaka 2018 juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana aliiita Rafiki, akieleza kwamba watu wa namna hii, wamtambulishapo mtu wanayempenda, hulazimika kusema tu kwamba huyu ni rafiki yangu.

Filamu hiyo yatokana na hadithi fupi iitwayo Jambula Tree, ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni mzambarau, mti ambao wengi wetu tumepanda utotoni na kurudi nyumbani na ulimi wa rangi ya wino. Hadithi yenyewe ni barua. Anyango amwandikia Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wawili hao kuonwa chini ya mzambarau na jirani wa kike mwenye mdomo mpana, katika nyumba za kupanga za Nakawa, Kampala. Ni kurasa chache, na humo mna harufu ya majirani, mama anayerudi kazini amechoka, na maneno ya watu yanayokwenda mlango hadi mlango. Kama mwalimu angeniuliza aanzie wapi, ningemwambia aanzie huko kuliko kwa Forster, kwani Nakawa haina walinzi wa wanyama wa kuwindwa, na yule jirani anamjua tayari.

Na tazameni yaliyoipata Rafiki. Mwezi Aprili 2018 Bodi ya Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, bodi ilitaka abadilishe mwisho wa filamu kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Alikataa. Mwezi Septemba Mahakama Kuu, chini ya Jaji Wilfrida Okwany, iliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku saba, na ukumbi wa Nairobi ukajaa. Toka sanduku la Forster hadi bodi ya Nairobi ni zaidi ya miaka mia moja, na mgogoro ni ule ule wa kurasa za mwisho.

Hapa ndipo nilipo na maoni yangu, na msomaji asiyeafikiana nami ana haki yake. Riwaya ya mapenzi, iwe ya Kiswahili au ya Kiingereza, ina kazi ndogo na kubwa: kutufanya tutamani kwamba watu wawili wafike salama. Nimehakiki riwaya nyingi za mapenzi ambazo hazikuniwezesha kutamani hivyo, kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka ya kumwadhibu mtu. Msichana wa mjini apata ukimwi ukurasa wa mwisho. Kijana mlevi agongwa na lori. Msomaji apewa kifo ili asisumbuke kufikiri. Maurice, pamoja na kasoro zake, chakataa hila hiyo. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si kitabu kichafu. Ni kitabu cha watu wazima, kigumu kidogo, chenye Kiingereza cha kizamani, kilichoandikwa na mtu aliyeogopa, juu ya watu walioogopa, na bado kikathubutu kuwaacha hai.

Sasa maonyo, kwani mwalimu ni mtumishi wa umma na anastahili kuambiwa waziwazi. Sheria ya nchi yetu yajulikana. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye asili katika sheria tuliyoachiwa na Waingereza, chatoa adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha kwa tendo lenyewe. Kifungu hicho hakisemi lolote juu ya kusoma riwaya. Lakini mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza marufuku ya vitabu 16 katika shule na maktaba zake kwa kukiuka maadili, vikiwamo vya mfululizo wa watoto wa Diary of a Wimpy Kid. Kwa hiyo, mwalimu, kitabu hiki kisikanyage ofisi ya walimu, wala kisikae mahali ambapo mwanafunzi aliyekuja kuchota maji aweza kukifungua. Hakikuandikiwa watoto. Wala usimwonyeshe mwalimu mwenzako kwa nia njema. Neno likishatoka Lingeka litafika Bariadi mjini kabla ya basi la asubuhi, na likifika huko halitakuwa tena juu ya kitabu.

Lililo gumu zaidi ni la nyumbani. Baba yenu amekwisha kufa, na kwa desturi ya Wasukuma, kama ya wengi wetu, kaka mkubwa ndiye baba. Karo iko mkononi mwako. Mwalimu aandika kwamba shemeji yake mmoja, angejua, angeshauri karo ikatwe kijana arudi kulima mpaka akili imkae sawa. Shemeji huyo hayuko peke yake. Nimepata kuketi katika vikao vya familia ambamo shauri kama hilo lilipita bila kupingwa, kwa makosa madogo kuliko hilo. Sijapata kuona kijana aliyerudi shambani kwa njia hiyo akakaa. Huondoka usiku, na simu yake huzimwa, na mama huanza kuuliza kila dereva atokaye mjini.

Sitamwambia mwalimu apende asilolipenda. Katika barua yake asema imani yake ni ile ile aliyolelewa nayo, na mimi si mtu wa kumtoa humo kwa safu moja ya gazeti. Ninachomwomba ni kidogo kuliko hicho. Amekuwa miezi miwili akimfuata Maurice usiku kwa kamusi, na mwishoni mwa barua akiri, kama mtu anayekiri kula chakula cha wageni, kwamba alipofika bandarini alikuwa anaomba Alec asiwemo melini. Yaani alitamani wafike salama. Mwalimu huyo aliyewatamania heri Waingereza wawili wasiokuwako, mdogo wake ana kila sababu ya kutarajia kutoka kwake angalau kiasi hicho.

Pamba itaanza kuvunwa mwezi Juni, na kijana atakuja. Asihojiwe mbele ya watu, wala gizani kama mwizi. Kama hatasema, asilazimishwe. Lipo shamba, ipo kazi ya magunia na mizani, na watu wawili wanaochuma mistari miwili iliyokaribiana huweza kusema mengi au kunyamaza vizuri. Kama atasema, mwalimu asikilize hadi mwisho, kama alivyosoma. Mama yao asiambiwe na mtu mwingine yeyote isipokuwa mwenyewe kijana, siku akipenda, au asiambiwe kabisa. Karo ilipwe kwa tarehe yake.

Kuhusu kukichoma, kitabu si cha mwalimu. Kirudishwe begini, chini ya shati, na begi lirudi juu ya kabati, upande usiovuja.

Limebaki swali dogo ambalo mwalimu ameliandika pembeni, baada ya sahihi yake. Auliza kama afute kwa raba yale maneno ya penseli kabla kijana hajarudi, maana yamejaa kila ukurasa na hayawezi kufichika. Naomba asiyafute. Kijana atakapokifungua kitabu chake atauona mwandiko wa kaka yake, ule wa wima wa ubaoni uliomfundisha kusoma, ukienda naye ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho.